Ujumbe wa Darasa Niliokaa Nao

Ilianza Jumanne ya wiki ya tatu ya muhula wa pili, mwaka wa tisini na sita, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nikiichungulia kwenye mkono wa jirani yangu wa dawati, nikihesabu vichwa vilivyobaki kabla ya zamu yangu. Mwalimu mgeni wa jiografia alikuwa ametuomba tusimame mmoja mmoja, kila mtu ataje jina lake na kwao. Jambo dogo. Mtoto wa chekechea analiweza.

Zamu yangu ilipofika nilisimama, na jina langu mwenyewe likakataa kutoka.

Nilisimama tu. Darasa likaanza kucheka, kwanza kule nyuma, halafu kote. Mmoja akasema, "Mwalimu, hiyo ni redio bila betri, utangoja mpaka jioni." Jirani yangu akanitajia jina na kwetu, kwamba mimi ni wa hapahapa Voi, mama yangu ana duka la vitambaa nyuma ya msikiti, nikakaa. Kilichonishangaza ni mwalimu. Hakucheka wala hakunikemea. Alinitazama kidogo, akageuka kuandika ubaoni, nami nikaona chaki inatetemeka. Wengine hawakuona. Mtu mwenye woga huona haraka mikono ya watu.

Alikuwa mwalimu wa mazoezi. Kila mwaka muhula huo chuo kikuu kilituletea mmoja au wawili, wafundishe miezi mitatu, mhadhiri wao aje awakague wakiwa darasani, awape alama, warudi kumaliza masomo yao. Tuliwazoea. Wengine walikuja na viatu vya kisigino na Kiingereza cha puani, darasa likawashusha ndani ya wiki moja. Huyu hatukumshusha. Alikuwa mpole, alifundisha vizuri, na alikuwa na desturi ya kusema "subiri, nitafute hilo" badala ya kudanganya. Tukampenda.

Jioni ya siku hiyohiyo nilimkuta uani kwetu akifua. Mama alikuwa amempangisha chumba cha nje bila kutuambia ni nani. Nilitaka kurudi dukani, lakini aliniona.

"Wewe ndiye yule wa jina," akasema.

Nikaangalia povu kwenye beseni.

"Mimi pia," akasema, akaendelea kufua.

Alinieleza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, kila mara mikono yake ikiwa na kazi ya kufanya. Mwaka wa pili chuoni aliacha kuhudhuria vile vikao vidogo ambapo kila mwanafunzi lazima aseme kitu mbele ya wenzake. Akaacha kwenda kula, kwa sababu ukumbi wa chakula una meza ndefu na lazima upite mbele ya watu ukiwa na sahani. Akawa anakula mkate chumbani. Mwishowe mwenzake wa chumbani alimburuta hadi kwa mama mmoja mshauri, ofisi iliyo kando ya zahanati ya chuo. Humo walikuwa wanafunzi saba, kila Jumatano, kwenye viti vilivyopangwa duara, na wote saba wanaangalia sakafu.

"Nilidhani atatuombea," akaniambia. "Au atupe dawa. Akatuambia tukae."

"Mkae tu?"

"Tukae, tusikie nyayo zetu zilipokanyaga. Tusikie pumzi inaingia, inatoka. Hofu ikija, usipigane nayo. Itafute iko wapi. Iko tumboni? Iko shingoni? Iambie, nimekuona. Wacha ikae."

Akanifundisha. Kila asubuhi, mama akiwa amemaliza sala yake na mimi yangu, nilitoka kukaa na mwalimu kwenye mkeka kibarazani, robo saa, kabla ya uji. Hatukusema neno. Malori ya Mombasa yalinguruma barabarani, na mwalimu alikuwa amesema tusiyafukuze wala tusiyafuate. Mama alipita na ndoo akasema, "Si sala, si usingizi. Mmekaa kama kuku wanaoatamia." Mwalimu akacheka bila kufungua macho.

Mama hakuona kwamba nina tatizo. "Mwalimu, mwanangu, huyu ana haya," alisema. "Mtoto wa kike kuwa na haya si maradhi. Ungeniletea dawa ya yule kaka yake mwenye mdomo, hapo ningekushukuru." Nilisikia hivyo tangu nikiwa mdogo. Wageni walinisifu kwa kunyamaza. Hakuna aliyejua kwamba ninyamazapo kichwani kuna kelele kama ya sokoni.

Nilikuwa na daftari la siku zangu, ninalo hata sasa, nami nikaandika yote aliyonifundisha. Ukurasa ule ninao mbele yangu ninapoandika haya, sasa nikiwa kidato cha nne. Nimeandika: *Hofu ikija iache ikae.* Nimepiga mstari chini yake mara mbili. Lakini nakumbuka vizuri kwamba sentensi ya mwalimu haikuishia hapo. Alisema, "Iache ikae, halafu nenda nayo kule ulikokuwa unaenda." Kipande cha pili sikukiandika. Mama aliniita dukani, nikafunga daftari, na niliporudi nikaona nilichoandika kinatosha.

Kilinifaa kwa muda. Nilianza kununua mkate bila kurudi nyumbani kwanza kujizoeza maneno. Nilisoma aya nzima darasani, sauti ikitetemeka mpaka nukta ya mwisho, na mwalimu hakunisifu mbele ya watu, jambo ambalo nilimshukuru kuliko sifa. Nilimwona kama mtu wa kwanza aliyewahi kukaa upande wangu.

Sasa nieleze habari ya mikono, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki.

Shuleni kwetu wakaguzi walipokuja, darasa zima liliinua mikono kwa kila swali. Anayejua aliinua mkono wa kulia, asiyejua aliinua wa kushoto. Mwalimu alichagua wa kulia peke yake, jibu likatoka safi, mkaguzi akaona darasa lote linawaka. Sijui nani aliianzisha. Tuliikuta kidato cha kwanza kama tulivyokuta madawati. Walimu wetu wote waliijua. Shule nyingine, nasikia, hufumba ngumi au hunyoosha kidole kimoja. Kila shule ina yake na haiambii nyingine.

Mwalimu wa mazoezi hakuwa wa shule yetu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Siku ya Jumatano ya wiki ya nane habari zilifika kwamba mhadhiri ameonekana Mwatate, gari jeupe lenye maandishi ya chuo mlangoni, na kesho ni sisi. Saa kumi jioni, walimu wakiwa wameshaondoka, kiranja wa darasa alifunga mlango. Alikuwa msichana wa Maungu, kwao wanauzia wenye malori chakula, sauti yake ilizoea kushindana na injini.

"Sikizeni. Kesho mwalimu wetu anakaguliwa. Akianguka, atarudia mwaka mzima, ameniambia mwenyewe. Kwa hivyo ni mikono. Kulia unajua, kushoto hujui. Wote juu, hata wewe unayelala hapo."

"Na yeye anajua?" mmoja akauliza.

"Hajui. Ndiyo maana tuna huyu." Akanielekezea rula. "Wewe unaishi naye. Mwambie leo. Neno moja tu, kulia. Hata redio bila betri inaweza kusema kulia."

Wakacheka, lakini si kwa ubaya. Nikaitikia kwa kichwa. Nilijivunia hata. Mara ya kwanza darasa kunituma.

Njiani kurudi nyumbani nilijiandalia maneno. *Mwalimu, darasa linasema.* Halafu nikaanza kufikiri. Nitamwambia vipi mtu aliyenifundisha kutojificha kwamba darasa limempangia mchezo wa kujificha? Atauliza, na wewe umeonaje? Ataona ninadhani hawezi. Labda atakasirika, na akinikasirikia, asubuhi nitakaa na nani? Nilipofika mlangoni maneno yalikuwa yameshakuwa makubwa kuliko mdomo.

Wakati wa chakula cha jioni tulikuwa watatu, mama, mwalimu na mimi. Mwalimu hakula sana.

"Mwalimu," nikasema.

"Naam."

Alinitazama. Mama naye akanitazama, kwa sababu si kawaida yangu kuanza mazungumzo.

"Chumvi imekolea?"

"Imekolea," akasema. "Ahsante."

Mama akasema, "Leo bubu amesema, na amesema habari ya chumvi." Wakacheka wote wawili. Nikaosha vyombo. Nikajiambia nitamwambia asubuhi, tukiwa peke yetu. Asubuhi ndiyo mahali pake.

Asubuhi ya Alhamisi tulikaa kwenye mkeka kama kawaida. Nilikuwa na lile neno shingoni, limesimama kama mfupa wa samaki. Moyo ulikuwa ukipiga mpaka nikaona kanga inacheza. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikasikia nyayo zangu. Nikaitafuta hofu, nikaipata shingoni, nikaiambia nimekuona. Nikaiacha ikae. Pumzi ikaingia, ikatoka. Na kweli, baada ya muda ikaanza kushuka, polepole, ikapita kifuani, ikaisha. Sijawahi kukaa vizuri kama siku ile. Nilihisi mwepesi kama aliyeoga.

Lakini iliposhuka ilishuka na neno langu. Sikuwa tena na haja ya kusema. Nilifungua macho, nikamwona mwalimu ananitazama, uso wake umetulia, na ingenichukua neno moja.

"Umekaa vizuri leo," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

Tukanywa uji.

Kipindi chetu kilikuwa cha tatu. Mhadhiri aliingia nyuma yake, mzee mwenye tai pana na faili ya kijani, akachukua kiti akakiweka mwisho wa safu yangu. Nilisikia harufu ya sabuni yake. Mwalimu alianza vizuri. Somo lilikuwa mvua, na kwa dakika kumi alichora milima ubaoni na mishale ya upepo unaotoka baharini. Kisha akageuka na kuuliza swali ambalo kila mtoto wa Voi amezaliwa analijua: kwa nini mawingu yanatupita sisi huku chini kwenye vumbi, yanaenda kumwaga mvua kule juu Wundanyi?

Mikono arobaini ikaruka.

Niliuona uso wake. Alifurahi. Hakuwa amewahi kuona mikono mingi hivyo. Akachagua ule uliokuwa juu zaidi na unapunga zaidi, kijana wa dirishani, mkono wa kushoto. Ukitaka kuonekana unajua wakati hujui, lazima upunge.

Kijana akasimama. Akamtazama kiranja. "Sijui, mwalimu."

"Ulinyanyua mkono."

"Ndiyo, mwalimu."

Watu hawakucheka. Akachagua mwingine, wa kushoto. Huyo akasema ni Mungu. Akachagua wa tatu, msichana wa Marungu ambaye kwa kawaida hujibu vizuri, lakini siku hiyo Kiingereza cha jibu hakikumjia, naye alikuwa mwaminifu na mkono wake wa kushoto. Akasimama akalia. Kiranja alikuwa akinyoosha mkono wake wa kulia mpaka anakaribia kupanda juu ya dawati, akiutikisa, akiushika kiwiko kwa mkono mwingine, ili mwalimu aone. Halafu akageuka na kunitazama mimi. Alikuwa ameshaelewa.

Chaki ilianza kutetemeka. Mhadhiri aliandika kitu.

Na mwalimu akanitafuta. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau. Macho yake yalipita vichwa vyote yakaja kwangu, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumbani. Mkono wangu ulikuwa juu. Jibu nililijua, nililijua tangu darasa la nne, ningeweza kulisema kwa lugha tatu. Lakini nilikuwa nimeinua wa kushoto, kwa sababu wa kushoto hauitwi. Darasa zima lilikuwa likiutumia kumsaidia mwalimu. Mimi niliutumia kujificha.

"Ndiyo, wewe," akasema. Alitabasamu.

Nikasimama. Nikasikia nyayo zangu. Nikaitafuta hofu, nikaipata. Nikaiacha ikae, nami nikakaa nayo nikiwa nimesimama, mbele ya watu wote, na mdomo haukufunguka. Sijui ni muda gani. Kalamu ya mhadhiri ilisimama ikingoja.

"Kaa," mwalimu akasema.

Hakuuliza swali jingine. Alifundisha dakika zote zilizobaki akiutazama ubao, sauti inazidi kuwa ndogo, mpaka nyuma hatukuisikia tena.

Walizungumza kwenye ukumbi wa maabara, yeye na mhadhiri. Mzee alisema, yeye aliitikia kwa kichwa. Gari lilipoondoka alikuja darasani kuchukua vitabu vyake, na kiranja hakungoja.

"Mwalimu, si tulikutumia ujumbe na huyu?"

"Ujumbe gani?"

Kiranja akamweleza, kulia na kushoto, kwa maneno machache. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekumbatia vitabu. Kisha akanigeukia.

"Ulikuwa nao tangu jana?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata asubuhi, tulipokaa?"

Nikaitikia tena.

"Basi tulikuwa tumekaa kufanya nini," akasema. Halikuwa swali la kujibiwa. Akatoka.

Kiranja alikuja karibu na uso wangu. "Neno moja," akasema. "Mbuzi angelisema."

Mwalimu hakula nasi jioni hiyo. Wiki iliyofuata alihamia kwa mwenzake karibu na stesheni, akamwambia mama ni kwa ajili ya kuandaa masomo pamoja, na mama akaamini. Alimaliza muhula. Darasani aliniita jina langu kama alivyowaita wengine, kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kofi. Sikujua alipata alama gani. Sikujua kama alirudia mwaka. Ukiniuliza leo, nitakwambia nina hasira, na si na mimi peke yangu. Nina hasira na watu wote walioniita mtoto mwenye haya wakadhani wananisifu. Nina hasira na darasa lililompa mzigo mtu asiye na mikono. Na yeye pia, niseme kweli, nina hasira naye, kwa sababu alinifundisha kutulia kabla hajanifundisha kusema, na mtu kama mimi ukimpa utulivu peke yake umempa chumba kingine cha kujifungia. Mama mshauri wa chuoni pengine angejua hilo. Yeye alikuwa mwanafunzi tu, miaka ishirini na mbili, alinipa alichokuwa nacho. Hilo nalo nalijua, na halinipunguzii kitu.

Kuna waliosema nijisamehe. Mama alisema limepita. Halijapita, limekaa.

Asubuhi iliyofuata ukaguzi ule, Ijumaa, sikwenda kwenye mkeka. Nilivaa sare nikatoka kabla ya uji, nikaenda kwenye nyumba ya wageni ya barabara ya Mombasa, kwa sababu Voi nzima ilijua gari jeupe limelala hapo. Mhadhiri alikuwa mezani, mayai na chai, faili ya kijani kando ya sahani. Dereva alikuwa nje akifuta kioo. Nilisimama mbele ya meza. Hofu ilikuwa kila mahali, tumboni, shingoni, magotini, na haikushuka hata kidogo. Nikasema. Nilisema habari ya mikono, kulia na kushoto, kwamba darasa lilipanga, kwamba mwalimu hakuambiwa, kwamba aliyepaswa kumwambia ni mimi, na kwamba swali lile nalijua, mawingu hupanda mlima yakapoa. Sauti ilikatika mara tatu. Nikamaliza.

Alifuta mdomo kwa kitambaa.

"Amekutuma saa ngapi?" akauliza.

"Hakunituma."

"Binti. Unaishi naye, sivyo? Aliniambia mwenyewe amepanga kwa mama wa mwanafunzi wake." Akafungua faili, akatoa kalamu mfukoni. "Kushindwa darasani ni jambo la kawaida. Kutuma watoto asubuhi si jambo la kawaida."

"Hakunituma," nikasema.

Alikuwa ameshaanza kuandika. Dereva aliingia kuchukua begi. Mhadhiri akafunga faili, akasimama, akavaa koti, na mimi nikasimama kati ya meza na mlango, nikaanza tena tangu mwanzo, mkono wa kulia anajua, wa kushoto hajui, kwa sauti kubwa zaidi, mpaka mpishi akatoka jikoni kutazama, na nilikuwa bado nasema gari lilipokata kona kuelekea Mombasa.